Boila ya Nezahat na Sakafu ya Perihan

Boila ya Nezahat, ule mtambo wa gesi unaochemsha maji ya kupasha nyumba joto, ilikufa asubuhi, mwezi Januari, yeye mwenyewe akiwa kando yake anakoroga supu. Ilikohoa, ikawaka, ikazimika. Ikawaka tena, ikazimika. Halafu ikatokea taa nyekundu, na kimya. Nezahat aliipiga kofi ubavuni kama alivyokuwa akifanya marehemu mumewe, lakini boila haikushtuka. Akaitukana kidogo, si matusi mazito, yale ya mama mtu mzima tu, akafunika supu na kumpigia simu fundi Tuncay.

Aliishi ghorofa ya tatu, katika jengo la ghorofa nne lisilo na lifti, mjini Eskişehir, ambako baridi ya Januari haina adabu. Nyumba yenyewe haikuwa ndogo. Ilikuwa na sebule ya wageni, chumba alicholala na mumewe Rıfat kwa miaka yote ya ndoa, chumba cha mwana wao Serhat, na kijichumba kando ya jiko. Tangu Rıfat afariki, Nezahat alihamia kwenye hicho kijichumba, yeye na kochi lake, blanketi lake na televisheni. Kwingine kote alifunga rejeta, yaani vile vyuma vya maji moto vilivyo chini ya madirisha, kisha akafunga na milango.

Msimcheke. Nezahat alizaliwa kijijini, kwenye nyumba ya jiko la makaa, na nyumba ya jiko la makaa ina chumba kimoja tu cha kukaa wakati wa baridi. Hapo mnakula, mnasoma, mnagombana, mnalala. Kwingine ni kwa ajili ya majira ya joto na mgeni mwenye koti zito. Gesi ilipoletwa mjini watu wa umri wake waliipokea kwa furaha, wakatoa majiko, wakaziba matundu ya mabomba ukutani. Jiko lilitoka ukutani, kichwani halikutoka.

Fundi Tuncay alifika kabla ya adhuhuri. Alivua viatu mlangoni, akapewa ndala za Rıfat, akafungua kifuniko cha boila na kuchungulia ndani kwa tochi. Nezahat alimwekea chai kwenye kibilauri, akasimama nyuma yake kama mtu anayesubiri habari za mgonjwa.

"Mama," alisema Tuncay, "hii umri wake umekwenda."

"Hata wangu umekwenda, lakini leo nimeamka nikapika supu."

Tuncay alicheka. Akagusa bomba moja, akagusa la pili, akakunja uso. Akaenda kufungua mlango wa sebule, na ile baridi ya ndani ikampiga usoni.

"Mama, huku unagandisha nyama?"

"Huku simo. Mtu mmoja anahitaji vyumba vingapi?"

"Rejeta zimefungwa tangu lini?"

"Tangu marehemu aondoke."

Tuncay alirudi jikoni, akakaa, akanywa chai yake kwanza. Alikuwa mtu wa kusema polepole.

"Basi ndiyo hiyo. Boila hii ni ya nyumba nzima, wewe umeipa kijichumba. Inawaka, chumba kinapata joto upesi, inazimika. Haijapumua, inawaka tena. Kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka. Umeichosha, mama. Angekuwa punda angeshakupiga teke."

"Mimi nilikuwa nabana matumizi."

"Ndivyo mnavyosema wote. Mama yangu mzazi nimemkataza mpaka nimenyamaza."

Kisha akamweleza. Feni imekwisha na bodi ya umeme imeungua. Vifaa vya boila ile havitengenezwi tena, lakini yeye anaweza kupata vilivyotumika, avifunge, na boila ivuke baridi hii. Baridi hii tu, zaidi ya hapo asimshike shati. Gharama yake itakuwa kama nusu ya boila mpya. Mpya nayo ikitunzwa itakwenda miaka kumi, hata kumi na mitano.

"Sasa sema wewe, mama. Unataka boila ya muda gani?"

Nezahat alimtazama. Alikuwa na miaka sabini na minne.

"Unaniuliza nitakufa lini?"

"Mungu apishie mbali. Nauliza habari ya boila."

"Ni swali lile lile," alisema Nezahat.

Tuncay aliangalia kibilauri chake. Nezahat alimwomba ampe muda hadi kesho yake, na fundi akamwachia hita ndogo ya umeme aliyoitoa kwenye gari, akamwagiza asiilalie wala asiiwekee nguo za kukausha.

Jioni Serhat alipiga simu kutoka Bremen, Ujerumani, kama alivyopiga kila siku baada ya kazi. Alikuwa mtoto mzuri, tusimsingizie. Alisikiliza habari yote ya feni na bodi, kisha akasema alichokuwa akikisema tangu mwaka juzi.

"Tengeneza hiyo hiyo, mama. Mpya ya nini? Majira ya kuchipua nakuja kukuchukua, nyumba tunaiuza. Boila mpya unamwekea mnunuzi?"

"Kwani mimi nimesema nakuja?"

"Sasa utakaa na nani huko?"

Nezahat alisema supu inaungua, akakata simu. Hapakuwa na supu motoni.

Alishawahi kufika Bremen. Wajukuu walimpenda, lakini walimpenda kwa mkalimani. Wanasema neno kwa Kijerumani, Serhat analigeuza, yeye anajibu, Serhat analigeuza tena, na kicheko kikifika kinakuwa kimeshapoa. Mkwewe alikuwa mwema na alitoka kazini amechoka. Mchana Nezahat alikaa dirishani kutazama watu wakipita na mbwa wao. Alirudi Eskişehir akabusu mlango wake.

Kwa hiyo alijua vizuri anachoamua. Boila ya kuunga maana yake ni baridi hii moja, kisha dirisha la Bremen. Boila mpya maana yake ni kubaki. Lakini swali la Serhat lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Abaki na nani? Siku nyingine jua lilitua yeye hajatumia sauti yake ila kumwambia muuza mkate "asante". Nyumba yake mwenyewe ilikuwa imemwelemea kwa ukimya, na kumnunulia ukimya boila ya miaka kumi na mitano kulionekana kuwa kichekesho.

Zamani naye alikuwa na mtu. Alikuwa juu yake, ghorofa ya nne, akiitwa Perihan.

Perihan hakuolewa. Alikata tiketi kwenye stesheni ya treni mpaka akastaafu, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mashine ya kutobolea tiketi. Wao wawili walikunywa kahawa pamoja karibu kila siku ya Mungu, leo juu, kesho chini, wakafunika vikombe na kusomeana bahati kwenye machicha. Perihan kila mara aliona safari. Nezahat kila mara aliona mume, na Perihan alimwambia amrudishe huyo mume kikombeni.

Kilichowagombanisha kilikuwa rejeta. Kwetu sakafu ya mtu ni dari ya mwenzake, na joto hupanda bila kuomba ruhusa. Wa chini akiwasha, wa juu anapata joto. Wa chini akifunga, wa juu anakanyaga barafu hata awashe vipi. Majengo mengi yamekosana kwa jambo hilo, watu wamefika hadi mahakamani. Rıfat alifariki mwanzo wa baridi. Siku ya arobaini nyumba ilijaa watu, dua ilisomwa, halua ikagawiwa. Perihan alikuwa jikoni na sinia mkononi, na kwa sababu hakujua kuzungusha maneno, alimsogelea Nezahat na kumwambia kwa sauti ya chini, "Fungua rejeta za chumbani, sakafu yangu imekuwa barafu."

"Udongo wa kaburi la mume wangu haujakauka," alisema Nezahat, na sauti yake haikuwa ya chini, "wewe unaniletea habari za miguu yako?"

Perihan aliweka sinia, akanawa mikono, akavaa ndala zake, akapanda kwake. Hakurudi. Nezahat naye hakupanda.

Lakini Perihan hakutaka ugomvi siku ile. Alitaka rafiki yake afungue chumba, awashe taa, alale kitandani kwake kama mtu. Nezahat alilielewa hilo baadaye sana, alipokuwa ameshamnunia kiasi kwamba kununa kumekuwa kazi. Mwaka wa kwanza chumba alikifunga kwa huzuni. Hakuweza kuingia mle, miguu ilikataa. Miaka iliyofuata, tuseme kweli, kilikuwa kimefungwa kwa ukaidi. Wakikutana ngazini, mmoja alitazama ukuta, mwingine akatafuta funguo ambazo tayari zilikuwa mkononi.

Asubuhi ya pili tangu boila ife, nyumba ilikuwa imepoa kabisa. Miguu ya Nezahat haikuwa na taabu kubwa, kwa kuwa chini yake aliishi Gülten na mume, watoto na mama mkwe, na nyumba ya watu wengi huwashwa kama tanuri. Baridi ilimjia kutoka juu. Ilimshukia kichwani na mabegani hadi akafunga kitambaa cha pili. Akapanda kwenye kigoda, akagusa ukuta pale unapokutana na dari. Ulikuwa kama chuma cha nje.

Akafikiri kidogo, akapata jibu, na jibu likamchemsha damu. Perihan amefunga rejeta zake. Amesikia boila ya jirani imekufa, naye akafunga makusudi, alipize. Basi Nezahat alichukua shali, akapanda ngazi ambazo hakuzipanda tangu siku ya halua, akiwa amejipangia maneno ya kumwambia, na yalikuwa maneno mazuri.

Aligonga. Akagonga tena kwa ngumi. Ndipo alipoona kwamba kwenye kitasa pamebanwa matangazo ya wauza chakula, moja juu ya jingine, na kwamba mlangoni hapakuwa na viatu.

"Unamgongea nani, dada Nezahat?" Gülten alikuwa amepanda nusu ya ngazi, kifuko cha mkate mkononi.

"Huyo mwanamke."

"Dada Perihan? Si ameondoka."

"Ameenda wapi?"

"Bursa. Mpwa wake alikuja akamchukua, majani yalikuwa yanapukutika. Yuko kwenye nyumba ya wazee." Gülten aliweka kifuko chini. "Ina maana hukujua? Mimi nilidhani mmekataa tu kuagana."

Nezahat alishika ukuta. "Kwa nini aondoke? Ana nini?"

"Magoti."

"Magoti yamefanyaje?"

Gülten aliangalia ngazi, kisha mkate, kisha ngazi tena. "Baridi, dada. Daktari alimkataza baridi. Boila yake alikuwa anaiwasha mpaka mwisho, lakini sakafu, sasa, si unajua mwenyewe. Mwaka jana alikuwa anatembea ndani kwa viatu vya theluji. Nisamehe, mimi simo."

Nezahat hakukumbuka alivyoshuka. Alikaa kwenye kochi karibu na ile hita, aibu ikampanda polepole. Majira mazima alikuwa ameinunia nyumba tupu. Alikuwa ameongeza sauti ya televisheni wakati wa taarifa ya habari ili kumkera mtu asiyekuwepo. Na huyo mtu alifukuzwa na nani? Hakufukuzwa na mpwa wala daktari. Alifukuzwa na mkono uliofunga rejeta, na mkono huo ulikuwa pale pale mapajani. Majuto ni mjukuu, watu husema, lakini mjukuu angalau humfurahisha bibi yake.

Mchana alishuka kwa Gülten kuomba namba ya simu.

"Nani?" Sauti ya Perihan ilikuwa ile ile ya dirishani stesheni.

"Mimi."

"Huku tupo mimi wengi. Mimi nani?"

"Nezahat."

Nyuma ya Perihan ilisikika televisheni na mtu akikohoa.

"Nani kafa?" aliuliza Perihan.

"Hakuna aliyekufa. Boila yangu imekufa."

"Hiyo ilikufa zamani, wewe tu ulichelewa kuizika."

Nezahat alitaka kucheka, akaona hana haki. "Sikujua kama umeondoka."

"Hukutaka kujua."

"Sikutaka," alikubali Nezahat. "Perihan, nimekukosea. Siku ile nimekukosea, na baada ya siku ile nimekukosea zaidi."

"Haya, yamepita. Boila inasemaje?"

Akamweleza yote. Alimweleza habari ya fundi na swali lake, ya Serhat na majira ya kuchipua, ya dirisha la Bremen. Perihan alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Ungekuwa hapa ungenishauri nini?"

"Nilikuwa hapo na nilikushauri."

"Nishauri tena."

"Nunua mpya. Fungua kila kitu, hata chumba cha Rıfat."

"Nikifungua utarudi?"

Perihan alivuta pumzi. "Sakafu kwanza ipate joto. Zege likishapoa halisikii mara moja. Ikipata joto nijulishe, tutaongea. Na usinijulishe wewe, wewe mwongo. Gülten ana ufunguo, aende avue soksi."

Kisebusebu na kiroho papo, alijiambia Nezahat, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alijisikia ana damu mwilini. Sasa alijua boila ni ya muda gani. Ilikuwa ya muda wa kutosha kumrudisha Perihan, na kunywa naye kahawa mpaka mmoja wao achoke kwanza.

Tuncay alipokuja alimwambia kabla hajavua viatu, "Mpya."

"Umeshafikiri vizuri, mama? Usije ukasema fundi kanishawishi."

"Wewe nawe. Ukiambiwa mpya unataka mbovu?"

Jioni, kwenye simu, Serhat hakufurahi. "Miaka kumi na mitano, mama? Kwa mtu mmoja?"

"Nikiisha mimi kabla yake, utairithi."

"Na vyumba vitupu unampashia nani joto?"

"Perihan."

"Si mmekosana?"

"Tumekosana," alisema Nezahat. "Lakini magoti yake sijakosana nayo."

Boila mpya ilifungwa, nyeupe, nyembamba, haina kelele. Kisha Tuncay akazunguka nyumba kufungua rejeta moja moja. Chumba cha kulala ndicho kilichobaki mwisho. Nezahat alishika kitasa, akasema bismilahi, akafungua. Mle mlinuka ukungu, na kwenye pembe juu ya kabati ukuta ulikuwa umeota weusi. Sweta ya Rıfat ilikuwa bado kwenye kiti, mikono imeanguka pande mbili. Tuncay aliipita bila kuitazama, akapiga magoti chini ya dirisha, akalegeza kijiskurubu. Hewa ikatoka kwa mluzi mrefu, kisha maji meusi, kisha rejeta ikaanza kugonga-gonga ndani. Nezahat alilia. Hakujificha wala hakulia kwa muda mrefu, na fundi alijifanya anatafuta spana.

Usiku ule alilala kitandani kwake.

Kesho yake Gülten alipanda na ufunguo, Nezahat akamsubiri kwenye ngazi. Alisikia soksi zinavuliwa kwa miguno, kisha Gülten akisema kwenye simu, "Baridi, dada. Ndiyo, nimevua. Baridi tu." Siku ya pili yakawa yale yale. Siku ya tatu Gülten alimkabidhi Nezahat ufunguo.

"Nenda mwenyewe. Mimi nina wali jikoni na mama mkwe anayeita. Miguu yangu nayo si kipimajoto."

Basi ikawa ndiyo kazi ya Nezahat. Kila mchana alipanda, akafungua mlango wa Perihan, akaacha ndala nje kama mgeni. Makochi yalifunikwa shuka. Mazulia yalikuwa yamekunjwa na kusimamishwa ukutani, mpwa alifanya kazi safi. Alifuta vumbi kwenye kabati la vikombe, kisha akakaa sakafuni katikati ya sebule, mama wa miaka sabini na minne, kiganja chini, akisubiri. Wakati mwingine alizungumza. Alimwambia Perihan bei ya limau, alimwambia theluji imevunja tawi la mti wa uani, na hakuna aliyemjibu. Akishuka kwake alikuta nyumba ina joto kila pembe na hakuna mtu wa kumwambia, hata kwa kuchongoa mdomo, kwamba joto limezidi. Ukiwa wa chumba kimoja alikuwa ameuzoea. Huu wa vyumba vinne ulikuwa mpya na ulimpa tabu. Lakini alijivumilisha, kwa kuwa huu ulikuwa na mwisho.

Ilikuwa Ijumaa, watu wanatoka msikitini, alipoweka kiganja sakafuni na kiganja kisishtuke. Akaweka cha pili. Akavua soksi, akasimama. Halikuwa joto kubwa, lilikuwa joto la kikombe kilichonywewa zamani kidogo, lakini lilikuwepo. Akapiga simu pale pale.

"Imepata joto."

"Gülten yuko wapi?"

"Yuko kwake. Niko peke yangu."

"Umevua soksi?"

"Nimevua."

"Zote mbili?"

"Perihan, nani anavua soksi moja?"

"Wewe nakudhania lolote." Sauti ililainika. "Uko sehemu gani hapo?"

"Sebuleni, karibu na dirisha."

"Jaribu ukumbini, kule kwenye vigoda. Kule ndiko kulikuwa kubaya."

Nezahat alitembea pekupeku, simu sikioni. "Kumepata joto. Kidogo, lakini kumepata."

"Jikoni?"

"Jikoni pia."

"Alhamdulillahi," alisema Perihan.

Nezahat alisubiri. Kule Bursa mtu alikuwa anaita majina kwa sauti, watu waje kuchukua dawa zao.

"Basi unarudi lini?" aliuliza. "Nitoe shuka kwenye makochi? Mazulia nitayatandika, nitamwita Tuncay anisaidie."

"Nezahat."

"Ukitaka nilale kwako siku za kwanza nitalala."

"Nezahat, magoti haya hayapandi ngazi tena. Chooni naenda na kigari. Ghorofa ya nne hiyo, nitafikaje?"

"Utarudi majira ya joto."

"Sitarudi. Mpwa ameshapata mnunuzi. Siku ile uliponipigia nilikuwa nalijua hilo."

Nezahat alibaki amesimama mlangoni mwa jiko. Hasira ilimjia, ile ya zamani, ikakuta haina pa kwenda.

"Sasa kwa nini uliniambia ninunue mpya?"

"Ungeunga ile mbovu," alisema Perihan, "ungeenda huko kwa mwanao, ukakae dirishani kutwa, kama mimi hapa."

Nezahat alisikia pumzi za mwenzake, fupi fupi, za mtu aliyekaa vibaya na hana wa kumsogezea mto.

"Umekata?" aliuliza Perihan.

"Nipo."

"Chumbani kwangu hujaniambia."

"Sijafika."

"Nenda basi. Pole pole, nina muda."

Nezahat alifuta uso kwa ncha ya shali. Akapita ukumbini, akausukuma mlango wa chumba cha Perihan, akasimama kando ya kitanda kisicho na godoro, nyayo zote mbili chini.

"Huku," alisema, "joto limefika mpaka uvunguni."